Pikipiki ya Mipigo Miwili au Minne: Hesabu ya Mteremko

Mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka kununua pikipiki ya kuendea njia mbovu, awe bwana shamba wa Kilolo, katekista wa Umalila, au mfanyabiashara wa viazi anayetoka Uyole kwenda kupatana bei na wakulima wa Isyonje, aghalabu huanza kwa kuuliza ni ipi yenye nguvu za kupanda mlima. Na kwa kuwa swali ni hilo, majibu ya wauzaji na mafundi nayo huishia kwenye nguvu. Mimi nina rai nyingine: kwamba katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako mpanda mlima hana budi kuushuka, mashine sharti ipimwe kwanza kwa namna inavyoteremka, na kwamba kipimo hicho ndicho kinachozipambanua barabara aina mbili za injini atakazozikuta mnunuzi, yaani ile ya mipigo miwili na ile ya mipigo minne.

Injini ya mipigo minne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliiunda ikafanya kazi mwaka 1876, hutenda kwa zamu: pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikivigandamiza, hushuka tena kwa kusukumwa na mlipuko, kisha hupanda mara ya pili ikiutoa moshi, hivyo kranki huzunguka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja. Injini ya mipigo miwili, ambayo umbo lake lililozoeleka katika pikipiki lina asili yake katika ubunifu wa Mwingereza Joseph Day wa mwaka 1891, hulipuka katika kila mzunguko wa kranki. Haina kemshafti wala valvu za kuendeshwa nayo; kuna matundu katika ukuta wa silinda ambayo pistoni yenyewe huyafunika na kuyafunua, na mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza katika chumba cha kranki, ndipo upande juu kuchomwa. Kwa sababu hiyo ni nyepesi, ina viungo vichache, na kwa ukubwa ule ule hutoa nguvu nyingi zaidi. Hata katika mashindano ya pikipiki za vumbi duniani imekuwa ada kuziweka za mipigo miwili za sisi 125 katika daraja moja na za mipigo minne za sisi 250. Pamoja na hayo, tangu Doug Henry wa Marekani aliposhinda Las Vegas mwaka 1997 akiendesha Yamaha ya mipigo minne, viwanja vile vile vilivyokuwa milki ya mipigo miwili vilianza kuhama mikono.

Huku kwetu mashine hizi hazikujulikana kwa mashindano, bali kwa kazi. Yamaha DT na AG100, pamoja na Suzuki TF, zote za mipigo miwili, ndizo zilizowafikisha maofisa wa kilimo, waganga na watumishi wa makanisa katika vijiji ambavyo gari halikuvifikia masika, na kando ya hizo ilikuwapo Honda XL ya mipigo minne, yenye sauti nzito na subira zaidi. Kisha likaja wimbi la bodaboda, ambalo Serikali ililitambua kwa kanuni za leseni za mwaka 2010, na pikipiki zilizoletwa na wimbi hilo, Boxer, TVS na zile za Kichina, ni za mipigo minne. Natija yake ni kwamba fundi kijana wa Mwanjelwa au wa Ipogolo leo huweza kurekebisha tapeti za valvu bila taabu, ilhali pistoni ya DT yenye saizi sahihi huenda ikamlazimu mwenyewe kuiagiza kutoka mbali na kuisubiri.

Ama kuhusu kupanda, lazima ifahamike kwamba hewa ya milimani ni pungufu kwa injini zote mbili. Kwa makadirio, injini ya kabureta hupoteza asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kimo. Basi Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, imekwisha kupoteza kama sehemu moja ya sita, na kwenye tambarare ya Kitulo, karibu mita 2,600, imepoteza kama robo. Kabureta iliyopangwa kwa pwani huku humwaga petroli nyingi kuliko hewa, plagi ikawa nyeusi, na mwenye pikipiki akalaumu injini kumbe jeti ni kubwa. Mipigo miwili hupanda kwa ukali, lakini nguvu zake hukusanyika kwenye mizunguko ya juu. Ukiiacha ipungue mizunguko hulegea, na ukiihimiza katika utelezi wa Rungwe, ambako mvua ni nyingi na udongo ni laini, gurudumu la nyuma huzunguka pale pale. Mipigo minne huvuta taratibu tangu mizunguko ya chini, na tairi hupata wasaa wa kuushika udongo.

Sasa tuteremke. Chukua Mlima Kitonga, baina ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, au barabara ya Chunya inapouacha mgongo wa milima ya Mbeya, au njia yoyote ya Mufindi inayozama bondeni baada ya mashamba ya chai. Anayeshuka kwa mipigo minne huweka gia ya pili, huachia mkono wa mafuta, na injini yenyewe huizuia pikipiki, kwa kuwa pistoni inashindana na hewa. Breki hubaki baridi mpaka zitakapohitajika. Mipigo miwili haina kizuizi cha namna hiyo ila kidogo sana, kwa hiyo uzito wote wa mashine, mpandaji na gunia huzielemea breki, na breki za ngoma zikipata moto hudhoofika pale pale zinapotakiwa mno.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Injini ya mipigo miwili haina oili yake iliyotulia chini ikizilainisha sehemu zake; oili huja pamoja na petroli. Mtu akiyafunga mafuta huku gia ingali inaizungusha injini kwa kasi, petroli haiji, na oili iliyochanganywa nayo haiji vilevile. Pistoni hukauka, hutanuka kwa joto, na katikati ya kona hunasa ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga ghafla. Ni kweli kwamba Yamaha tangu miaka ya 1960 iliweka tangi la oili la peke yake na pampu, na pampu nzima hupunguza sana hatari hii. Walakini pampu hizo zikiharibika huondolewa, na mwenyewe akarudia kuchanganya kwa mkono. Nani basi atapima? Kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, na petroli ya kijijini huuzwa kwa chupa za maji. Ikizidi, ekzosti huziba masizi. Ikipungua, silinda huliwa. Aghalabu hutiwa oili ya gari, ambayo haikutengenezwa ichomwe.

Tena kuna vumbi la kiangazi. Maadamu hewa ya mipigo miwili hupita katika chumba cha kranki, chujio likitoboka mchanga huzifikia beringi za chini kabisa, sehemu ambayo gharama ya kuitengeneza huweza kumkatisha mtu tamaa.

Haya sikuyasema kwa kuidharau mipigo miwili. Anayekwenda peke yake bila mzigo, anayeweza kuiinua pikipiki kutoka matopeni kwa mikono yake miwili, anayeijua na kuibadilisha ringi mwenyewe chini ya mti kwa spana chache, huyo atapata ndani yake chombo chepesi na kitiifu. Na ikiwa tayari anayo, basi ashuke kwa kufungua mafuta kidogo mara kwa mara ili oili ipite, wala asiondoe pampu iliyo nzima. Lakini anayebeba mke, mgonjwa au magunia, na anayeazimisha pikipiki yake kwa ndugu wasiojua mchanganyiko, huyo na achukue ya mipigo minne ya sisi 125 hadi 200, abadilishe oili kwa wakati, na kamwe asiteremke kwa frii ili kubana petroli, kwa maana akifanya hivyo ameitupa fadhila iliyo bora ya injini aliyoilipia.

Na kabla ya kutoa fedha, ndugu msomaji, mwombe muuzaji mwende pamoja kwenye mteremko wa karibu. Shuka kwa gia ya pili, mkono umeachia mafuta, uone kama mashine inakushikilia. Isipokushikilia, irudishe dukani.