Injini za Utafutaji na Mtafiti wa Kiswahili: Majina Mengi, Faharasa Chache

Siku hizi mtafiti wa lugha anayetaka kujua kama neno fulani linatumika aghalabu huuliza intaneti kabla ya kufungua kamusi. Chombo anachokitumia ni injini ya utafutaji, na kwa wengi chombo hicho ni Google, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998. Makala haya yanakusudia kuilinganisha na injini nyingine zinazoweza kutumiwa badala yake, na kuonyesha ni wapi ushahidi wake unaweza kumpotosha mtafiti wa Kiswahili.

Injini ina sehemu kuu tatu: programu inayokusanya kurasa, faharasa inayoonyesha kila neno limo katika kurasa zipi, na kanuni za kuzipanga kurasa hizo. Inapoulizwa, injini haisomi intaneti yote, bali hutazama faharasa. Kwa hiyo, swali la msingi si jina la injini, bali ni faharasa ya nani inayotumika.

Kwa kipimo hicho, injini hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la zile zenye faharasa zao: Google; Bing ya kampuni ya Microsoft, iliyoanza mwaka 2009; Mojeek ya Uingereza; na Brave Search, iliyoanza mwaka 2021. Kundi la pili ni la waazimaji. DuckDuckGo, iliyoanzishwa mwaka 2008, hupata sehemu kubwa ya majibu yake kutoka Bing. Utegemezi huo ulidhihirika tarehe 23 Mei 2024, Bing ilipopatwa na hitilafu, na DuckDuckGo pamoja na Ecosia ya Ujerumani nazo zikatatizika. Fadhila ya DuckDuckGo ni usiri, kwani huahidi kutohifadhi historia ya maswali ya mtumiaji. Hata hivyo, anayeuliza Bing kisha DuckDuckGo asidhani amepata mashahidi wawili: shahidi ni yule yule, amebadili kanzu tu.

Tatizo jingine latokana na muundo wa Kiswahili chenyewe. Katika Kiingereza, maumbo ya neno hutofautiana zaidi mwishoni, na kanuni nyingi za kutambua maumbo hayo hukata miisho. Katika Kiswahili, mabadiliko huwa mwanzoni na mwishoni pia: ‘kitabu’ na ‘vitabu’, ‘pika’ na ‘walipikiwa’. Injini inayolinganisha herufi tu, ikiulizwa ‘pika’, haitauleta ukurasa wenye ‘walipikiwa’ peke yake.

Hatari iliyopo ni ya kitaaluma. Mwanaleksikografia akikosa neno katika injini moja, kwa umbo moja, anaweza kuliandika kuwa limekufa, ilhali wasemaji wanalitumia kila siku. Yafaa basi autafute msamiati kwa maumbo kadhaa. Aulize angalau injini mbili zenye faharasa tofauti. Na ataje katika maandishi yake injini, tarehe na umbo alilotafuta, kwa kuwa majibu hubadilika kwa wakati na mahali.

Kwa matumizi ya kila siku, injini yoyote kati ya hizi yaweza kutosha. Kwa utafiti, mtaka cha mvunguni sharti ainame: kutoonekana kwa neno katika faharasa si ithibati ya kutokuwapo kwake katika lugha.