Vitz na IST: kasoro ambayo sevisi haiigusi

Kumwaga oili na kukagua breki ni lazima, hasa kwa barabara za vumbi na tope za Namawala na Ifakara. Lakini baadhi ya Toyota Vitz na IST zilitakiwa zirudishwe kwa sababu ya eabegi za Takata, yaani mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Kemikali inayoifumua huharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka kupita kiasi, kasha lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma.

Soma namba ya chesisi kwenye kadi ya gari, umpelekee wakala wa Toyota. Uliza kama gari lako limo, na kama litarekebishwa bure. Usifungue eabegi mwenyewe.