Fahamu: Kompyuta ndogo za mezani, na ipi inafaa nyumbani

Ni nini?
Ni kompyuta kamili ndani ya kasha lenye upana wa sentimita 18 hivi. Skrini, kibodi na kipanya hununuliwa kando. Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini ndizo zinazojulikana zaidi; nyingi huuzwa baada ya kutumika maofisini.

Kwa nini zinaulizwa sasa?
Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, hivyo wengi wanatafuta kompyuta inayokubali Windows 11. Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hutaka kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba iliyo baada ya kistari: i5-8500T ni kizazi cha 8, i5-6500T ni cha 6. Hiyo ya pili, hata ikiwa rahisi, usiichukue kwa ajili ya Windows.

Vipi kuhusu mengine?
RAM ya GB 8 inatosha kwa intaneti na masomo. Diski iwe SSD.

Umeme
Kompyuta hizi hazina betri. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea, hivyo tenga fedha za UPS ndogo (betri ya akiba).

Kabla ya kulipa, omba iwashwe mbele yako, na uondoke na adapta yake.