Uvujaji wa oili kwenye difu

Uvujaji wa oili kwenye difu ni hitilafu ya gari ambapo oili inayolainisha gia za difu hutoka nje ya kasha lake. Huonekana zaidi kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yakiwemo Toyota Hiace na Toyota Coaster zinazofanya kazi ya daladala katika Wilaya ya Kinondoni na kwingineko jijini Dar es Salaam. Ikipuuzwa, gia husagika, au breki za nyuma hulowa na kusababisha ajali.

Kazi ya difu

Difu hupokea mzunguko kutoka propela shafti na kuugawa kwa ekseli mbili. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Difu huyawezesha kuzunguka kwa kasi tofauti. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya kifaa cha aina hii mwaka 1827. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, difu imo ndani ya kasha la giaboksi.

Mahali panapovuja

* Sili ya pinioni, mbele ya difu inapoungana na propela shafti. Oili hurushwa kwa duara na kuacha mstari chini ya bodi.
* Sili za ekseli. Oili huingia kwenye ngoma ya breki na kuteremka upande wa ndani wa tairi.
* Gasketi ya kasha.
* Vizibo vya kujazia na kumwagia oili.
* Ufa kwenye kasha, hasa karibu na maungio ya kuchomelea.

Uchunguzi

Kwanza kasha husafishwa na kukaushwa, kwa sababu oili iliyochanganyika na vumbi huficha chanzo. Gari huendeshwa kilomita chache, kisha huegeshwa juu ya boksi lililokunjuliwa. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Mafuta ya breki ni mepesi zaidi.

Tundu la kupumulia lililo juu ya kasha hukaguliwa kabla ya kununua sili. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka. Tundu likiziba kwa tope, shinikizo husukuma oili kupitia sili. Sili mpya haitadumu ikiwa tundu bado limeziba.

Wakati wa masika, gari hupita kwenye maji katika sehemu kama Bonde la Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro huvuka Mto Msimbazi. Difu yenye joto ikipoa ghafla ndani ya maji, hewa hunywea na maji huweza kuvutwa ndani. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji, nayo lazima ibadilishwe.

Matengenezo

Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara; jeki peke yake haitoshi. Kizibo cha kujazia hufunguliwa kabla ya kile cha kumwagia, kwani kikigoma baada ya oili kumwagwa, gari halitaweza kujazwa tena.

Sili ya pinioni huhitaji uangalifu. Katika difu nyingi, nati yake hubana bushi laini inayopanga mkazo wa beringi. Nati ikikazwa kupita kiasi, beringi huungua. Kuilegeza hakurekebishi kosa, bali bushi hubadilishwa. Fundi huweka alama kwenye nati na shafti kabla ya kufungua, na hupima ugumu wa mzunguko kabla na baada ya kazi.

Sili ya ekseli ikivuja, beringi ya ekseli nayo hukaguliwa, maana beringi iliyolegea huharibu sili mpya. Viatu vya breki vilivyolowa oili havioshwi kwa petroli na kurudishwa. Hubadilishwa vya pande zote mbili, la sivyo gari huvuta upande mmoja linapofunga breki.

Oili inayofaa huonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Difu nyingi hutumia ya daraja la GL-5, mara nyingi 80W-90. Gari likiwa limesimama sawasawa, hujazwa hadi ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kuongeza oili kila wiki bila kuziba chanzo si tiba. Oili chakavu huhifadhiwa kwenye dumu, haimwagwi mtaroni.