Tuzo Lifuate Hukumu

Jaji akisha kusoma hukumu, wengi hudhani kesi imekwisha. Katika Mahakama Kuu ya Uganda husalia kazi moja kubwa: kuandika tuzo, yaani hati ya amri zitokanazo na hukumu hiyo. Agizo la 21 la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai lamtwika mshindi wajibu huo.

Wakili wake huandaa rasimu bila kuchelewa, akataja namba ya shauri, majina ya wadaawa, madai yenyewe na haki zilizotolewa. Tarehe huwa ile ya kusomwa hukumu, hata kama hati itatiwa sahihi baadaye. Kisha humpelekea mpinzani, ambaye huikubali, huirekebisha au huikataa. Wakiafikiana, msajili huilinganisha na hukumu, akatia sahihi na muhuri. Wasipoafikiana, huamua jaji yule yule aliyetoa hukumu.

Basi aliyeshindwa asiitupe rasimu kwa uchungu. Dalali wa mahakama hutekeleza yaliyoandikwa katika tuzo. Kiwanja kisichoshindaniwa kikipenyezwa humo, mwenyewe aweza kukipoteza kwa muhuri wa mahakama. Aisome mstari kwa mstari, ailinganishe na hukumu, ndipo aikubali.