USIPOZIBA UFA: UANDISHI WA RIPOTI YA MAPENDEKEZO KATIKA KOZI YA MAWASILIANO YA WAHANDISI

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ripoti ya mapendekezo inavyoandikwa, na jinsi mwanafunzi wa uhandisi awezavyo kufundishwa kuiandika hata imshawishi msomaji. Ripoti ya mapendekezo ni andiko ambalo mtaalamu humpelekea mwenye mamlaka ya kuamua, akimshauri achague njia moja na kuziacha nyingine. Andiko hili si sawa na taarifa ya kawaida. Taarifa hueleza yaliyotukia na kukomea hapo; ripoti ya mapendekezo hutaka jambo litendwe. Kwa sababu hiyo yafaa tuihesabu miongoni mwa maandishi ya ushawishi, ingawa imejaa vipimo na hesabu.

Wanafunzi wengi wa uhandisi hushangaa waambiwapo hivyo. Hudhani kwamba hesabu ikiisha kuwa sahihi, kazi imekwisha, na kwamba ushawishi ni shughuli ya mawakili na wanasiasa. Dhana hii ina hatari, kama tutakavyoona katika sehemu ya pili.

Kabla ya hapo, na tuitazame methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili huijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maneno manne tu methali hii inatimiza kazi yote ya ripoti ya mapendekezo. Kwanza, inataja hali iliyopo: kuna ufa. Pili, inataja tendo linalotakiwa: ufa uzibwe. Tatu, inataja gharama ya kutotenda: kujenga ukuta mzima. Nne, inamtaja mtendaji, maana kiambishi u- kinamwelekea msikilizaji mwenyewe na hakimwachi ajifiche nyuma ya wengine. Ripoti ikikosa lolote katika mambo haya manne, huwa imepungukiwa, hata ikiwa na kurasa mia.

2. Kisa cha Challenger

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha angani cha Marekani kilichoitwa Challenger kilivunjika hewani sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Tume iliyoundwa kuchunguza ajali hiyo, chini ya uenyekiti wa William Rogers, ilikuta kwamba chanzo kilikuwa katika ungio moja la roketi ya upande wa kulia. Pete za mpira zilizotakiwa kuliziba ungio hilo zilishindwa kuizuia gesi ya moto. Mpira ukipatwa na baridi hukakamaa, na ukibanwa haurudii umbo lake upesi. Kwa ufupi, ufa haukuzibwa.

Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba hatari hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana. Tarehe 31 Julai 1985 Roger Boisjoly, mhandisi wa kampuni ya Morton Thiokol iliyotengeneza roketi hizo, aliwaandikia wakubwa wake kwamba pasipo hatua za haraka maisha ya watu yangeweza kupotea. Tena, jioni ya tarehe 27 Januari 1986, katika mkutano uliofanywa kwa simu, wahandisi wa kampuni hiyo walipendekeza chombo kisirushwe joto likiwa chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 12 za Selsiasi. Maafisa wa shirika la NASA walilipinga pendekezo hilo. Viongozi wa kampuni wakaomba nafasi ya kushauriana peke yao, na walipomaliza wakalibatilisha pendekezo la wahandisi wao wenyewe. Kulipokucha chombo kilirushwa, joto likiwa kama nyuzi 36 za Fahrenheit, yaani nyuzi 2 hivi za Selsiasi.

Si haki kuwatwika wahandisi hao lawama ya ajali. Walisema kweli, na waliobatilisha pendekezo ni wengine. Hata hivyo, mwalimu wa uandishi hana budi kuuliza: je, ushahidi wao uliwekwaje mbele ya wasikilizaji? Katika michoro yao, safari zilizowahi kuonyesha gesi ikipenya zilikuwa pamoja na moja iliyofanyika siku ya baridi, na nyingine iliyofanyika siku ya joto la nyuzi 75 za Fahrenheit. Mpinzani akasema: ikiwa madhara yalitokea siku ya baridi na siku ya joto pia, basi baridi si sababu. Kilichokosekana ni safari ambazo hazikupata madhara yoyote. Tume ilipoziweka safari zote pamoja, picha ilibadilika kabisa. Katika safari 20 zilizofanyika pete zikiwa na joto la nyuzi 66 au zaidi, ni 3 tu zilizoonyesha madhara. Katika safari 4 zilizofanyika kwa nyuzi 63 au chini yake, zote 4 zilikuwa na madhara.

Kisa hiki kinatupa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ushahidi hushawishi kwa kulinganishwa. Mwandishi aonyeshe mahali ambapo jambo lilitokea, na kadhalika mahali ambapo halikutokea. La pili linahusu mzigo wa kuthibitisha. Usiku ule wahandisi walijikuta wakitakiwa kuthibitisha kwamba chombo kitaharibika, ilhali ingefaa wanaotaka kukirusha ndio wathibitishe kwamba ni salama. Ripoti nzuri husema tangu mwanzo ni nani anayepaswa kuthibitisha nini.

3. Vigezo kwanza, chaguo baadaye

Kosa lionekanalo mara nyingi katika kazi za wanafunzi ni kuchagua jibu kwanza na kutafuta sababu baadaye. Tuchukue mfano wa kubuni, unaofaa kutumiwa darasani. Shule ya bweni yenye wanafunzi 400 imo katika Bonde la Ufa na haina maji ya kutosha. Bodi ya shule inataka ushauri: je, ivune maji ya mvua au ichimbe kisima kirefu?

Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba maji ya mvua hayana gharama, kwa hiyo yavunwe. Na tuhesabu. Ikiwa paa lina ukubwa wa mita za mraba 500, mvua ya mwaka ni milimita 600, na asilimia 80 ya maji yanayoanguka hufika tangini, shule itapata lita 240,000 kwa mwaka. Ikiwa kila mwanafunzi anatumia lita 15 kwa siku, shule yatumia lita 6,000 kila siku. Maji hayo yatatosha siku 40 tu. Mwanafunzi wa pili, akiisha kuiona hesabu hii, ataandika kwamba kisima ndicho dawa. Lakini maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kikizidi kwa muda mrefu meno huharibika, na kikizidi sana mifupa nayo hudhurika.

Mwandishi aliyeanza kwa vigezo hatanaswa na mtego huu. Atauliza: maji haya yanatakiwa kwa kazi gani? Kazi ya kunywa na kupika inahitaji maji safi, lakini kidogo. Kufua na kuoga kunahitaji maji mengi zaidi. Tukikadiria lita 3 kwa kila mwanafunzi kwa kunywa na kupika, hitaji ni lita 1,200 kwa siku, na maji ya paa yatatosha siku 200. Ili kuvuka kiangazi cha siku 90 shule itahitaji matangi ya kuhifadhi lita 108,000. Pendekezo sasa linabadilika: matangi kwa maji ya kunywa, kisima kwa matumizi mengine, na maji ya kisima yapimwe floridi kabla pampu haijanunuliwa. Bodi ikisoma maneno haya haitahitaji kuambiwa kwamba mwandishi ni mtaalamu. Itauona utaalamu wenyewe.

4. Lugha ya mapendekezo

Hapa ndipo idara za lugha zinapoweza kutoa mchango ambao mwalimu wa uhandisi peke yake hatautoa. Kiswahili kina njia nyingi za kumtaja mtendaji, na nyingi pia za kumficha. Tulinganishe sentensi hizi mbili:

(a) Inapendekezwa kwamba hatua zifaazo zichukuliwe.
(b) Tunapendekeza Bodi isinunue pampu kabla maji hayajapimwa floridi.

Sentensi (a) ina vitenzi viwili vya kauli ya kutendwa, na hakuna mtendaji hata mmoja. Hatujui anayependekeza, wala atakayechukua hatua, wala hatua zenyewe ni zipi. Sentensi (b) yataja wote, na mwandishi wake amekubali kuulizwa. Kauli ya kutendeka nayo yataka uangalifu. Tusemapo "pampu imeharibika" twaeleza hali tu. Hilo linafaa ikiwa chanzo hakijulikani. Lakini ikiwa pampu iliharibiwa na mchanga kwa kuwa chujio halikuwekwa, ripoti haina budi kusema hivyo, kwani humo ndimo pendekezo lilimo.

Jambo la pili ni kiwango cha uhakika. Maneno kama huenda, yamkini, yaelekea na bila shaka hayana uzito mmoja, na msomaji hupima ushauri kwa maneno hayo. Kitenzi "kuweza" kina utata: "tangi linaweza kupasuka" ni onyo hafifu, maana karibu kila kitu kinaweza kupasuka. Afadhali tuseme: "tangi litapasuka likijazwa kupita alama nyekundu," ikiwa vipimo vyathibitisha hivyo. Mwandishi asiongeze uhakika asio nao, wala asiupunguze alio nao kwa sababu ya adabu au woga.

Jambo la tatu ni viambishi vya masharti. "Tukichimba kisima" ni sharti lililo wazi: jambo hilo bado limo mikononi mwetu. "Tungechimba kisima" hulipeleka katika dhana. "Tungalichimba kisima" husema kwamba nafasi imekwisha kupita. Ripoti ya mapendekezo ni andiko la -ki- na -sipo-. Mwanafunzi ajaribu kuandika sentensi kuu ya ripoti yake kwa muundo wa methali tuliyoitaja: Bodi isipofanya jambo hili, jambo fulani litatokea, kwa gharama ya kiasi fulani. Akishindwa kuikamilisha sentensi hiyo, ajue kwamba utafiti wake haujakamilika.

5. Mpangilio

Insha ya shule humwongoza msomaji polepole mpaka mwisho. Ripoti ya mapendekezo haina ruhusa hiyo, kwa kuwa anayeamua ana kazi nyingi, na pengine atasoma ukurasa wa kwanza tu. Kwa hiyo pendekezo lije mwanzoni, katika sentensi mbili au tatu, pamoja na gharama yake na gharama ya kutolifuata. Baadaye yafuate maelezo ya tatizo, vigezo, njia zilizofikiriwa na ulinganisho wake katika jedwali moja. Hesabu ndefu na michoro ya kitaalamu iwekwe katika nyongeza.

Sehemu moja ambayo wanafunzi huiacha ni ile ya pingamizi. Mwandishi hudhani kwamba akitaja kasoro za pendekezo lake ataudhoofisha ushauri wake. Mambo ni kinyume. Msomaji mwenye busara ataziona kasoro hizo mwenyewe, na asipozikuta zimejibiwa ataishuku ripoti nzima. Mathalani, shule itauliza matangi yatasafishwa na nani. Jibu liwemo kabla ya swali.

Yafaa pia kumkumbuka msomaji asiyekaa katika ofisi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inataka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Wanafunzi wetu huandika ripoti zao kwa Kiingereza, lakini kamati ya maji ya kijiji hujadiliana kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Mhandisi asiyeweza kulieleza pendekezo lake kwa lugha hiyo huwaachia wengine walieleze kwa niaba yake, na huenda wakalieleza sivyo. Tunapendekeza basi kwamba kila mwanafunzi katika kozi hii aandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na ausome mbele ya watu wasio wahandisi, wamuulize maswali.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ripoti ya mapendekezo ina mambo manne: hali, tendo, gharama ya kutotenda, na mtendaji. Tumeonyesha pia kwamba hesabu iliyo sahihi haitoshi ikiwa haikulinganishwa wala kuelekezwa kwa anayeamua. Baada ya tarehe 28 Januari 1986, kila sentensi iliyoandikwa kuhusu pete zile ilikuwa ya -ngali-: kama chombo kisingalirushwa asubuhi ile, watu wale saba wasingalikufa. Tume huandika sentensi kama hizo, na kazi yake ina manufaa. Lakini kazi ya mhandisi ni kuandika mapema zaidi, wakati ufa ungali ufa na ukuta haujaanguka, na kuandika hivi kwamba mwenye mamlaka ajue ni yeye anayeambiwa.