Mzaha wa Mwenye Jeshi

Katika Sio Port, kando ya Ziwa Victoria, Wasamia wana jamaa zao ng'ambo ya mpaka, na kutaniana si jambo geni. Lakini utani huhitaji alama: msikiaji ajue kwamba msemaji hawezi kulitenda alisemalo.

Tarehe 3 Oktoba, 2022, Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais wa Uganda na mkuu wa majeshi ya nchi kavu wakati huo, aliandika katika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wangeuteka mji wa Nairobi kabla ya majuma mawili kwisha. Wakenya wengi walicheka, wakamrudishia dhihaka kubwa zaidi. Wengine walikasirika, wala si ajabu. Nchi hii ya magharibi, pamoja na Busia, ilihesabiwa kuwa ya Uganda hadi mwaka 1902, na Februari 1976 Idi Amin aliidai pasipo mzaha wowote.

Tarehe 5 Oktoba Rais Museveni aliwaomba Wakenya radhi. Mwanawe alikuwa amekwisha kuondolewa katika ukuu ule. Akapandishwa cheo papo hapo kuwa Jenerali kamili.